Riwaya za mapenzi na maajabu: jibu kwa dada wa Kolwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu dada wa Kolwezi aliyeuliza asome nini sasa, baada ya kuvimaliza vitabu vidogo vya mapenzi vya Adoras vyote alivyoweza kuvipata. Swali lake limenigusa, maana hata mimi nimekulia humo. Vitabu hivyo vilianza kutolewa Abidjan mwaka 1998 na Nouvelles Éditions Ivoiriennes, na vilipotufikia huku Lubumbashi vilikuwa vimeshapita mikono mingi, jalada limeshikizwa kwa uzi na kurasa za mwisho zimeng'oka. Tulivipenda kwa sababu wapenzi wa humo walikuwa na majina kama yetu, na mama mkwe aliyeingilia kati alikuwa mama mkwe tunayemjua. Lakini dada anasema kweli. Ukishasoma vingi vya namna hiyo, mwisho unaujua kabla hujafika katikati.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Katuba. Katika atelye yetu wapo wasichana wanaojifunza kazi, na mchana wateja wakipungua mmoja wetu huacha cherehani akasoma kwa sauti. Vitabu vingi ni vya Kifaransa, kwa hiyo anayesoma anavigeuza kwa Kiswahili papo hapo, huku wenzake wakipiga pindo za vikwembe na kushona vifungo. Hatuna mwalimu wa kutuambia kipi kizuri. Tunasikiliza cherehani. Kitabu kikiwa hafifu zinaendelea kulia, na kikishika, zinanyamaza moja baada ya nyingine, hata mteja akiingia anaambiwa angoje kidogo.

Nianze na kile kilichozinyamazisha zote. Kinaitwa Rouge impératrice, cha Léonora Miano, mwandishi mzaliwa wa Douala, Kamerun, na kilitoka mwaka 2019. Mambo yake yanatokea mwaka 2124. Karibu bara lote la Afrika limeungana likawa dola moja, Katiopa, na mkuu wa dola hiyo ni mwanamume aitwaye Ilunga. Nilipolitamka jina hilo msichana mmoja aliinua kichwa: "Ilunga wa kwetu, Mama Fundi?" Huku Katanga ni nani asiye na Ilunga katika ukoo? Nje ya Adoras tumezoea kusoma mapenzi ya akina Jean-Marc na akina Steve. Hapa jina la mjomba wako ndilo la mtu anayetawala bara na kukosa usingizi kwa ajili ya mwanamke.

Mwanamke huyo ni Boya, mwalimu wa chuo kikuu, ngozi yake nyekundu. Utafiti wake unampeleka kwa watu wanaoitwa Sinistrés, kizazi cha Wafaransa waliohama kwao kwa hofu kwamba wageni wameibadili nchi yao, wakaja kujitenga ndani ya Katiopa bila kuchanganyika na wenyeji. Serikali ya Ilunga inataka kuwafukuza. Boya anawafahamu, anakaa nao, anawasikiliza. Basi wenzake Ilunga, waliopigana pamoja naye, wanaanza kuogopa kwamba mwanamke huyu atamlegeza mkuu wao. Ndiyo maana mapenzi ya kitabu hiki yana uzito. Wawili hao wakikutana faraghani, nje kuna watu ambao kubaki kwao nchini au kufukuzwa kunategemea yatakayosemwa humo ndani.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Paris anaweza kulipita, ila Mluba, mtu wa kabila letu huku Katanga, halipiti. Wazee wetu wanasimulia habari za Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, na Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, aliyemzaa Kalala Ilunga na dada yake Nkongolo. Nkongolo alipoanza kumwonea kijana wivu, alichimba shimo, akasimika mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka na kumwita Ilunga aje acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma alimwonya kwa mdundo, Ilunga akaruka akaokoka. Sasa fikiri: Miano anatoa kitabu ambamo Ilunga, badala ya kupigana na mfalme mwekundu, anampenda mwanamke mwekundu. Nilisimamisha kusoma nikawasimulia wasichana habari ile ya mkeka na mikuki. Wawili walikuwa hawajawahi kuisikia, na wote wawili wana Ilunga nyumbani! Mchana ule kazi haikusogea, na sikusikitika.

Nimwonye dada mapema. Kitabu kina zaidi ya kurasa 600. Kifaransa cha Miano ni kizito, sentensi zake ni ndefu, na mwanzoni anachukua muda kueleza jinsi Katiopa ilivyopangwa, nani ana cheo gani na kwa nini. Avumilie. Wala mambo ya chumbani hayakufichwa, kwa hiyo anayesoma mbele ya watoto ajue pa kuruka. Mambo ya roho na wahenga nayo yamo, yameelezwa kama sehemu ya maisha ya kila siku, jinsi wengi wetu tunavyoyaishi, bila kumtisha wala kumchekesha msomaji. Hilo peke yake linanifanya nimheshimu mwandishi.

Cha pili ni cha Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville, Le commerce des Allongés, cha mwaka 2022. Liwa Ekimakingaï, kijana wa Pointe-Noire, msaidizi wa jikoni hotelini, ameshazikwa. Kisha anatoka kaburini akitaka kujua alikufaje. Kumbe usiku wa sikukuu ya uhuru alivaa akapendeza, akaenda dansini, akamtamani mwanamke, na huko ndiko mauti yalikoanzia. Sisi mafundi tulisimama kwenye nguo zake: koti la rangi ya machungwa na suruali ya zambarau iliyopanuka miguuni. Tulibishana kama suruali ile ilihitaji kitambaa cha mita mbili au zaidi. Wafu wa humo wanazungumza, kila mmoja na kisa chake, na makaburi yenyewe yana matabaka, ya maskini upande wake na ya matajiri upande wake. Lakini kilichonishika zaidi ni bibi yake, Mâ Lembé, aliyemlea. Dada aliyeomba mapenzi ayatafute hapo, katika bibi na mjukuu aliyemtangulia. Ndiyo mapenzi ya kweli ya kitabu hiki. Yule mwanamke wa dansini ni mlango tu.

Cha tatu kinanipa furaha na uchungu kwa pamoja. Ni The House of Rust, cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, kilichotoka mwaka 2021 na mwaka uliofuata kikawa cha kwanza kupata tuzo yenye jina la Ursula K. Le Guin huko Marekani. Sisi tulisomewa na binti yangu aliyesoma Ndola, Zambia, maana kimeandikwa kwa Kiingereza. Aisha ni binti wa mvuvi. Baba yake anapotelea baharini, na Aisha anakwenda kumtafuta kwa mashua ya mifupa, akiwa na paka anayezungumza. Huko anakutana na viumbe vya bahari vya kutisha, na kila mmoja inabidi akabiliwe kwa akili, maana nguvu hana. Si riwaya ya mapenzi ya mwanamume na mwanamke. Kinyume chake: akirudi nchi kavu, bibi yake anataka aolewe atulie, na yeye ameshaona bahari, hawezi tena kuwa msichana wa kungojea posa. Wasichana wa atelye walinyamaza kimya sehemu hiyo, na kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Uchungu wangu ni huu. Watu wa humo ni wa Mombasa, mji ni wa Waswahili, hata majini yake ni yale tunayosimuliwa, na sisi tunaozungumza Kiswahili kutwa nzima tunasubiri mtu aliyesoma Zambia atufasirie! Jambo hili si lazima liwe hivyo. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, iliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 tukaipata kwa Kiswahili safi kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapa. Dada akiipata asiiache. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, anafuata msafara wa biashara unaoingia bara na kuvuka ziwa, yaani unakuja upande wetu. Baadaye anampenda Amina katika nyumba ambamo kumpenda ni hatari. Anayeijua habari ya Nabii Yusuf na Zulekha ataiona imejificha humo, na ataogopa mapema kabla Yusuf mwenyewe hajaogopa.

Wapo watakaosema hadithi za maajabu ni mambo ya Wazungu na majoka yao. Shaaban Robert aliandika Adili na Nduguze mwaka 1952, na humo Adili anawachapa manyani ambao ni ndugu zake waliogeuzwa. Maajabu tunayo tangu zamani.

Na hayo ya majoka sikatai. Wasichana wanayasoma kwenye simu, hasa Fourth Wing ya Rebecca Yarros, ya mwaka 2023. Mimi imenichosha, vita na mafunzo ni vingi mno, na yule kijana mwenye hasira anayegeuka mpenzi nimeshakutana naye mara nyingi. Ila nimwachie Yarros haki yake: msichana wake, Violet, ana mwili dhaifu, viungo vinateguka ovyo, na mwandishi hamponyi kwa uchawi ili aweze kupendwa. Kwa binti anayependa vita na uchawi afadhali zaidi De sang et de rage ya Tomi Adeyemi, Mmarekani wa wazazi wa Nigeria. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 2018, na kitabu cha tatu na cha mwisho cha mfululizo huo kimetoka mwaka 2024. Zélie anataka kurudisha uchawi ambao mfalme aliuua, kama alivyomwua mama yake Zélie, na anayemwinda ni mtoto wa mfalme huyo huyo, ambaye moyo wake unamsaliti njiani.

Ya Kiswahili ya mapenzi tupu, mimi bado namweka mbele Adam Shafi na Vuta N'kuvute. Ni ya mwaka 1999, si mpya, lakini filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imeirudisha midomoni mwa watu, basi naihesabu. Yasmini anaozwa kwa mzee, anatoroka, anapokewa na Mwajuma, anampenda Denge anayepigania uhuru wa Zanzibar na ambaye kila akigonga mlango usiku hujui kama ni yeye au ni askari. Huyo Mwajuma nampenda kuliko wote. Kila mwanamke aliyetoroka angestahili kupata Mwajuma.

Nakala yangu ililetwa na shemeji yangu, dereva wa lori. Malori yanatoka Dar es Salaam, yanapita Tunduma na Nakonde, yanavuka Zambia mpaka Kasumbalesa, kisha yanarudi na shaba. Yanatuletea sabuni, vigae, vitambaa, karibu kila kitu. Katika duka moja la vitabu mjini niliambiwa riwaya za Kiswahili haziletwi kwa sababu watu wa huku hawazisomi. Watasomaje kisicholetwa? Kwa vya Kifaransa angalau kuna maktaba ya Halle de l'Étoile na wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaovitandaza chini katikati ya mji. Kwa vya Kiswahili tunategemea huruma ya madereva.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwako pia. Magazeti ya Tanzania yana desturi ya kuchapa hadithi za mfululizo, sura moja kila toleo, na watu wananunua gazeti ili wajue yaliyompata msichana wiki iliyopita. Tupe nasi ukurasa mmoja. Waandikaji wapo huku, nawajua wanaoandika kwenye madaftari ya shule na kusomeana. Na iwe hadithi ya mapenzi au ya maajabu, au yote mawili, ya mtu wa Likasi au wa Katuba. Nakuahidi gazeti litasomwa kwa sauti katika atelye moja angalau.

Dada wa Kolwezi, ukipata mtu wa kuaminika anayekuja Lubumbashi, umwagize kwetu. Le commerce des Allongés tumeshakimaliza, kinaweza kusafiri. Vuta N'kuvute pia nitakupa, ila hicho kirudi. Rouge impératrice subiri kidogo, wasichana wameomba tukianze tena.

Mama Fundi,
Katuba, Lubumbashi