Risala ya Klabu ya Kihispania kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utamaduni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana, na ahsante kwa kuitikia mwaliko wetu.

Utakayoiona punde ni flamenko, ngoma ya Andalusia, kusini mwa Hispania. Tulipoanza tulidhani kazi ni miguu. Miguu iliuma kweli, ila yaliyotushinda ni makofi: mapigo 12 kwa mzunguko, na mkazo hauangukii pale sikio linapoungoja. Watoto wa Jerez, mji wa Andalusia, hawakalishwi darasani kufundishwa hayo. Huyaokota mapajani kwa bibi, kwenye ubatizo na harusi.

Flamenko haina baba mmoja. Waroma (si watu wa Roma, bali jamii yenye asili ya India), ambao Hispania huitwa Gitano, walifika Andalusia karne ya 15 wakakuta nyimbo za wenyeji, Waislamu kwa Wayahudi. Bandari ya Cádiz nayo ikaleta midundo kutoka ng'ambo ya Atlantiki, ya Waafrika ikiwemo. Mwaka 1749 mfalme Fernando VI akaamuru Wagitano wakamatwe wote kwa pamoja. Wanaume walipelekwa kazi za sulubu kwenye karakana za meli, wanawake na watoto wadogo wakafungwa kwingine. Watu waliotenganishwa hivyo wangeuficha wapi wimbo, kama si ndani ya familia? Wahunzi wa Triana, mtaa wa jiji la Sevilla, ndio wanaotajwa na martinete, wimbo usio na gitaa, wenye jina la nyundo. Na ipo alboreá ya harusi, ambayo familia nyingi hazitaki iimbwe mbele ya wageni. Kwetu wenye nyimbo za unyago, hilo halihitaji maelezo.

Majukwaa yalikuja baadaye, kwenye mikahawa ya karne ya 19, lakini ukoo haukuachia. Mchezaji Carmen Amaya alianza utotoni, baba yake akimpigia gitaa. Mchezaji mwingine, El Farruco, alimrithisha bintiye, La Farruca, kisha mjukuu, Farruquito, aliyecheza New York akiwa bado mtoto mdogo. UNESCO iliiingiza flamenko kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010. Nyumba hizo zilikuwa zimeshaitunza muda mrefu bila orodha.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Tunachezea saruji, ambayo huua mlio na kuumiza magoti. Viatu fundi ameshatugongea misumari kisiginoni na kwenye ncha. Tumepungukiwa mbao za kuchezea.

Tunaomba kuwasilisha.