YAH: Jaketi la kuokolea alilovuliwa mama yangu kwenye boti ya safari mliyoniuzia

Moshi

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Utalii (jina nimelizuia kwa sasa, wenyewe mnajijua),
Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hujambo na kazi zinaendelea. Mimi ni mzima wa afya, ila sina amani, na nimeona nisiendelee kukaa kimya maana ukimya wangu ofisini kwenu umehesabiwa kuwa nimeridhika.

Nianze na jambo lenyewe, mengine yatafuata. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 71, alivuliwa jaketi la kuokolea akiwa ameshalivaa na kulifunga, ndani ya boti niliyoilipia mimi, ili apewe mtu ambaye sikumwalika wala sikumjua. Baharia alimnyooshea kidole akamwambia, "Bibi, toa hilo, kuna mgeni hana." Mama akalivua. Boti ikaondoka. Ukisoma hapo tu ukaiweka barua pembeni, utakuwa umeshajua kwa nini nataka hela yangu.

Masharti yenu sina haja ya kuwakumbusha, mmeyaandika wenyewe na muhuri mmegonga wenyewe. Risiti inasema boti ni yetu peke yetu, watu watano, nusu siku, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana, Kisiwa cha Mnemba kule Zanzibar, vifaa vya kuogelea pamoja na ada ya hifadhi vikiwa ndani ya bei. Nililipa shilingi 650,000 kwa mkupuo mmoja, hela ya mgao wa kikoba, kwa sababu kijana wenu wa mauzo aliniahidi kwamba nikimaliza malipo mapema hakuna atakayechanganywa nasi. Boti za kuchangia zipo, na bei yake kwa kichwa ni ndogo kuliko niliyotoa. Nilizikataa makusudi. Mama si mtu wa purukushani.

Ilikuwa Desemba, wakati watu wa Kilimanjaro wanapanda kurudi nyumbani na tiketi za basi zinagombaniwa, sisi tukateremka kwenda pwani. Ndugu walitushangaa. Mama alitaka aione bahari kabla magoti hayajamkatalia, basi.

Tulifika ufukwe wa Muyuni kabla ya saa tatu. Boti ilikuwepo, nahodha alikuwepo, bahari ilikuwepo. Tukaambiwa tusubiri kidogo, anaweka mafuta. Mafuta gani yanawekwa hadi saa nne na nusu? Tulikuwa tunasubiri gari la wageni wengine kutoka hotelini, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kutuambia. Na hapo kuna jambo ambalo kampuni inayouza bahari inapaswa kulijua kuliko mimi muuza vitenge wa soko la Mbuyuni: siku ile ilikuwa bamvua. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona wavu pale ndiye aliyetueleza kwamba mwezi ukishakuwa mpevu maji ya asubuhi hukupwa mbali, na kadiri tunavyochelewa ndivyo yanavyozidi kukimbia. Nilipokuwa nanunua safari nilimuuliza kijana wenu maji yatakuwa yamejaa saa ngapi. Akanijibu, "Dada, bahari ipo saa zote."

Ipo, kweli. Ilikuwa kule. Mama alitembea kwa miguu juu ya mawe na majani ya baharini, akiwa amekunja kitenge, akikwepa wale wadudu wa miiba mieusi, kuifuata boti ambayo saa tatu ingekuwa karibu zaidi. Mdogo wangu alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, watoto wangu wawili mbele. Hakulalamika hata mara moja. Hilo nalo linaniuma, maana mama akinyamaza huwa anawaonea watu aibu.

Sasa nirudie lile jambo, safari hii polepole, kwa sababu meneja wenu kwenye simu alisema "ilikuwa ni kubadilishana tu majaketi."

Haikuwa kubadilishana. Sisi watano tulikuwa tumeshakaa. Kila mmoja ana jaketi, nimewafunga watoto mwenyewe, na mama nimemfunga mwenyewe, mikanda yote mitatu, nikavuta nikahakikisha. Ndipo wakapandishwa watu sita. Abiria 11, majaketi 10. Baharia alihesabu kwa kidole, akahesabu tena, kisha akatupa macho kwenye boti nzima akitafuta nani avuliwe. Kulikuwa na vijana wawili wenye vifua vipana waliokuja wakisema ni waogeleaji hodari. Kulikuwa na yeye mwenyewe baharia. Macho yake yakatua kwa mama. Nikasema, "Kaka, huyo ni mtu mzima, na boti ni yetu." Akacheka. Akasema wenyeji wamezoea maji, bibi hazami huyu. Mama yangu amezaliwa Kibosho, ndugu Mkurugenzi! Maji aliyoyazoea ni ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, unaopita shambani kwa baba yake, yanayoishia kwenye vifundo vya miguu. Vidole vyake vilitetemeka kwenye ile mikanda niliyoifunga mimi. Alipomaliza akalikunja lile jaketi vizuri kama anavyokunja nguo za kanisani, akalinyoosha kwa mikono miwili. Nikavua langu nimvishe, akakataa, akaniambia kwa Kichagga nisimamie watoto wangu. Nahodha akafoka tusisimame, boti itayumba. Yule dada mgeni aliyepewa jaketi aliona aibu kuliko wafanyakazi wenu, akataka kulirudisha, akazuiwa kwa mkono. Injini ikawashwa.

Na upepo wa kaskazi ulikuwa umeshaamka. Katikati ya Muyuni na Mnemba mawimbi yaliingia ndani hadi miguuni. Mama alishika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili, mimi nimemshika kiunoni, na nikabaki hivyohivyo kwenda na kurudi.

Mtasema si mfanyakazi wenu yule, ni wa mwenye boti. Meneja alishasema: "Sisi huko Zanzibar ni mawakala tu, zungumza na mwenye boti." Hela yangu haikuingia kwa mwenye boti. Namba ya malipo ni yenu, jina lililotokea kwenye simu ni lenu, na tangazo lenye picha ya samaki wa rangi ni lenu. Ningekuwa namjua mwenye boti ningewahitaji ninyi kwa kazi gani?

Tena ninyi si wageni wa biashara hii. Mlimani nawajua. Nina mpwa wangu mpagazi, naye ananisimulia. Pale lango la Marangu hamthubutu kumpitisha mgeni bila kuandikishwa, bila kiongozi mwenye leseni, na kambini mnampima oksijeni kwenye kidole hata kama anasema yuko vizuri. Kumbe mnajua kulinda mtu. Mnajua pia kuchagua wa kumlinda.

Na nchi hii si ya kufanyia mzaha wa majaketi. Tuna ajali ya kuzama kwa MV Bukoba ya mwaka 1996. Tuna Spice Islander ya Septemba 2011, hukohuko upande wa Nungwi. Tuna Skagit ya Julai 2012 karibu na Chumbe, tuna MV Nyerere ya 2018 kule Ukara. Kila mara tunalia, tunaunda tume, tunasema haitarudiwa. Halafu mtu anahesabu 11 kwa 10 na anaona ile moja inayopungua ni bibi.

Hayo mengine nayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo. Tangazo linasema "mtashuka kisiwani kupiga picha mchangani." Mnemba haishukiki. Kisiwa kimekodishwa kwa hoteli binafsi, mgeni wa nje anaishia majini kwenye matumbawe, na hili nililijua kwa kuambiwa na nahodha tukiwa tumeshafika, huku wanangu wameshavaa nguo za picha. Ninyi mmekuwa mkipeleka watu huko kwa muda gani msijue? Miwani ya watoto ilikuwa ya watu wazima, inavuja, mpira mmoja umefungwa fundo. Mrija mmoja ulikuwa na alama za meno ya watu sijui wangapi. Aliyeogelea katika familia yangu ni mdogo wangu peke yake. Mimi nisingeweza kumwachia mama kiuno nikarukie samaki. Kwa hiyo matumbawe niliyoyalipia nimesimuliwa. Pomboo tuliwaona, au tuseme tuliona boti nyingi zinawakimbiza, na watoto wakauliza kwa nini hawaachwi. Kwenye eneo la kuogelea tulikaa nusu saa, kisha nahodha akaita watu wapande, kwa kuwa alikuwa na kundi lingine la saa saba. Nusu siku yangu ikaisha hapo.

Nimesahau ada ya hifadhi. Iliyokuwa ndani ya bei. Kabla hatujapanda tulidaiwa tena, watu watano, taslimu, bila risiti, tukaambiwa tusipotoa tutabaki mchangani. Nikatoa. Mama alikuwa ameshakunja kitenge.

Siku niliyorudi Moshi nilituma ujumbe wa kistaarabu. Ukasomwa, alama za buluu niliziona. Nilipopiga simu, kijana wa mauzo akaniita "mama yangu mpendwa" na kuniambia nitapewa punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo. Safari ijayo! Jioni yake akanitumia ujumbe kwamba "wateja wa bara huwa hawaelewi mambo ya pwani", halafu akaufuta. Alichelewa. Picha yake ninayo, na leo naiambatanisha pamoja na risiti na picha aliyopiga mdogo wangu ndani ya boti, inayoonyesha wazi nani ana jaketi na nani hana.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nimepanga kudai tofauti tu, yaani kile kilichozidi kati ya boti ya peke yetu na boti ya kuchangia, pamoja na ile ada niliyolipa mara ya pili. Ndivyo nilivyomwambia hata mdogo wangu. Lakini nimeandika hadi hapa na naona ningekuwa nawasaidia kuficha. Nataka shilingi 650,000 zote, na ada ya watu watano juu yake. Hamkuniuzia boti ya peke yangu ikapungua kidogo. Hamkuniuzia kabisa.

Pili, nataka barua ya kumwomba mama radhi. Iandikwe kwa jina lake, isainiwe na Mkurugenzi, si na kijana wa mauzo, na iseme mlichofanya. Isiandikwe "kwa usumbufu uliojitokeza." Usumbufu haukujitokeza, ulinyoosha kidole.

Tatu, nataka kujua kwa maandishi kama bado mnapeleka watu kwenye boti ile, na majaketi ni mangapi sasa. Hili si kwa ajili yangu. Wiki hii nimeona mmeweka tena tangazo lilelile, mchanga uleule wa kisiwa kisichoshukika.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nimeipeleka kwa mkono na kitabu cha mapokezi dada wa mbele amesaini, kwa hiyo tusiambizane kuwa haikufika. Zikipita, nitakwenda Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tangazo lenu nimelihifadhi. Nitaandika pia Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, maana abiria 11 kwa majaketi 10 si suala la huduma mbovu, ni suala la leseni ya mtu. Na jina lenu, ambalo hapa juu nimeliziba kwa heshima ya watu wasio na hatia wanaofanya kazi ofisini mwenu, nitalizibua mahali pote nitakapoibandika barua hii. Wateja wangu pale sokoni ni wengi, wana ndugu Ulaya na Marekani wanaokuja kupanda mlima, na huwa wananiuliza waende na kampuni ipi.

Ninamshauri meneja asinipigie tena simu ya kunituliza. Nimetulia. Jibu liwe kwa maandishi, na fedha irudi kwenye namba ileile iliyotoka.

Wenu katika kudai haki,

(saini)
Mteja, risiti ya boti mnayo
Moshi

Nakala: Chama cha Mawakala wa Utalii Tanzania (TATO), Arusha. Hii imeshatumwa leo, sikuona sababu ya kuingojesha zile siku 14.