Seva ipo chumba cha pili, tunaizungukia nje ya nini?

Mhariri naomba nafasi kidogo. Ofisi kibao hapa Dar seva ya mafaili ipo humohumo ndani, ila kompyuta zinauliza jina lake kwa DNS ya nje (DNS ndiyo huduma inayogeuza jina kuwa anwani ya namba) zinapewa anwani ya nje, sasa intaneti ikikata kama ile Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika kazi zote zinasimama na seva inawaka palepale, inauma sana! Mafundi wa netiweki jamani wekeni DNS ya ndani, jina lilelile lijibiwe anwani ya ndani, zile zinazoanza na 192.168 au 10, na DHCP (inayozipa kompyuta mipangilio ya mtandao) igawe DNS hiyo tu, msiweke 8.8.8.8 (DNS ya Google) pembeni maana kuna mashine zitauliza huko zikose. Faili la hosts (orodha ya majina na anwani ndani ya kompyuta yenyewe) kila kompyuta ni mateso, laptopu ikienda nyumbani jina linabaki na anwani ya ofisini, halifiki popote.

Msomaji wenu, Sinza