Barua ya wazi kwa vijana wa Moshi mnaokwenda Ujerumani

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Mwezi uliopita nilikaa sebuleni kwa jirani yangu hapa Rau kumpa pole. Kijana wake, aliyekwenda kusomea uuguzi, amerudi kutoka Ujerumani, na hakurudi likizo. Amerudi moja kwa moja, baada ya miezi saba, na begi lile lile tulilomsindikiza nalo hadi uwanja wa ndege wa KIA. Siku ya kumuaga nilikuwepo. Kulikuwa na ukumbi, MC, keki ya rangi nyeusi, nyekundu na njano, na kamati ya michango iliyotupigia simu wiki tatu mfululizo. Baba yake aliuza ng'ombe wawili wa maziwa.

Nilimuuliza, "Mjukuu wangu, kumetokea nini?" Akasema, "Babu, wale watu hawana utu. Hawasalimii. Ukikosea neno wanakukosoa hapo hapo, mbele za watu." Nikamuuliza anaitwa nani yule aliyekuwa anakaa mlango unaotazamana na wake. Hakujua. Miezi saba anapishana na mtu kwenye ngazi, hajui jina lake, na jina limeandikwa kwenye kengele ya mlango.

Habari yenyewe niliipata baadaye, tulipobaki wawili. Mkuu wa wodi alimwambia kesho afike *halb sieben*. Yeye akasikia nusu, akasikia saba, akafika saa saba na nusu kwa saa ya Kizungu, yaani saa moja na nusu asubuhi yetu. Kumbe *halb sieben* ni nusu ya kuifikia saba, saa kumi na mbili na nusu. Amechelewa saa nzima na wagonjwa wameshaogeshwa na wengine. Aliposemwa, aliinamisha kichwa kwa adabu, kama tulivyomlea. Wao wakaona mtu anayekwepa macho, asiyetaka hata kueleza. Tangu siku hiyo akaogopa kuuliza chochote. Na muuguzi asiyeuliza ni hatari kwa mgonjwa, hilo hata hapa kwetu tunalijua. Mafunzo ya uuguzi kule ni miaka mitatu, na miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio. Ilipokwisha, naye akaambiwa basi.

Huyu kijana si mjinga. Ana cheti cha Kijerumani cha B1, ngazi ya kati iliyo chini ya B2, na alama nzuri. Lakini alikipata kwa kukariri mazungumzo, peke yake chumbani, simu masikioni. Na kule alipofika akaishi vile vile: zamu, chumbani, simu, WhatsApp ya nyumbani, na Jumapili kupanda treni kwenda kwa Watanzania wenzake kula ugali na kuwasema Wajerumani. Alikaa Ujerumani miezi saba bila kuhamia.

Nina haki ya kusema haya kwa sababu nilifanya hayo hayo. Nilifika Leipzig Septemba 1979, enzi za Ujerumani Mashariki, nikiwa na miaka 21. Kabla ya kwenda Dresden kusomea uhandisi wa mitambo, tulipitishwa kwanza Herder-Institut, mahali wanafunzi wa kigeni walipofundishwa Kijerumani. Watanzania tuliokuwepo tulishikana kama kuku siku ya mvua. Tulipika pamoja, tulitembea pamoja, tulicheka pamoja kwa Kiswahili. Desemba nilipewa mtihani wa kuzungumza nikashindwa hata kueleza nilikula nini asubuhi. Mwalimu wangu, mama mmoja mpole, aliniambia: "Kichwani unacho Kijerumani chote. Mdomoni huna."

Ndipo nikaanza kwenda dukani kwa mkate. Sikilizeni hili kwa makini, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jirani na bweni letu kulikuwa na duka la mkate. Brötchen, yale maandazi yao ya mkate yenye ganda gumu, yaliuzwa pfennig 5 moja, pfennig ndiyo senti yao ya enzi zile. Kila asubuhi nilinunua mawili, pfennig 10, na nilijiwekea sharti la kumwambia muuzaji sentensi moja mpya ambayo sijawahi kuitamka. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, aproni nyeupe, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Siku ya kwanza nilisema "zwei Brotchen", bila ile ö. Aliyachukua maandazi mawili, akayainua juu, hakunipa. Akasema polepole, "Brööötchen," akanionyesha midomo yake: imebana mbele kama ya mtu anayetaka kupiga mluzi, huku ulimi ndani unasema e. Nyuma yangu watu saba kwenye foleni. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikarudia tena. Mara ya nne akaniwekea maandazi mkononi, akapokea hela yangu, akageukia mteja mwingine. Hakunisifu. Hakucheka pia.

Nilitoka pale nimeiva uso kwa aibu, nikaapa sirudi. Njaa ikanirudisha. Siku iliyofuata alinirekebisha neno lingine, kesho yake lingine. Nikisema *die Brot*, yeye anasema *das*. Anasema tu *das*, huku anafunga mkate, kama mama anavyomfuta mtoto kamasi. Hayo yakaenda hadi Februari, nikaugua homa wiki nzima. Nilipoingia tena dukani aliacha kazi, akaweka mikono kiunoni, akasema: "Wo waren Sie denn?" Ulikuwa wapi wewe? Lile neno *denn* halina tafsiri. Linawekwa pale kuonyesha kwamba anayeuliza alikuwa anakuwazia. Nililielewa bila kamusi. Usiku ule nilimwandikia mama yangu barua kwamba nimepata mtu.

Kwa hiyo mnaponiambia "Wajerumani wanakukosoa mbele za watu", mimi naumia, kwa sababu mnakimbia mkono uleule unaowavuta. Hapa Moshi akija mzungu, akasema "mambo" na "asante sana", tunampigia makofi. Hata akimwamkia mtoto shikamoo tunacheka, tunamwambia anajua Kiswahili sana. Anaondoka baada ya miaka miwili bado anasema "mimi nataka kwenda soko". Tumemfurahisha, hatukumsaidia. Kule hakuna atakayewapigia makofi. Watawarekebisha, na kwa wengi wao kukurekebisha ni kukuchukulia kama mtu mzima anayetaka kufika.

Na hii hofu ya kukosea imetoka wapi? Imetoka kwetu, wazazi na walimu. Tumewachapa kwa kukosea Kiingereza. Darasani mtoto akisema "he go", darasa zima linaangua kicheko na mwalimu anacheka nalo. Mitaani kijana akichanganya r na l, tayari amepewa jina. Tumewalea mkaamini kwamba kunyamaza ndiyo akili, halafu tunawapakia ndege kwenda nchi ambayo asiyeuliza anaonekana hajali. Mawakala nao wanachukua fedha za watu kwa ahadi ya B1 ndani ya miezi michache, wanawapa maswali na majibu mkariri. Na sisi wazazi tunachangishana mamilioni ya ukumbi na keki, lakini mtoto akiomba ada ya miezi mitatu zaidi ya kozi tunamwambia "utajifunzia huko huko". Tuone aibu. Fedha za ile keki zingelipa mwalimu.

Sasa kuhusu "hawasalimii". Nenda kliniki yoyote ya Ujerumani, keti sebule ya kusubiria. Kila anayeingia anasema "Guten Tag" kwa chumba kizima, watu asiowajua, na chumba kinamjibu. Akitoka anaaga. Kazini mchana mtu akikupita kwenye korido anasema "Mahlzeit", mlo mwema. Wanasalimia, ila salamu yao ni fupi. Hawatakuuliza za nyumbani, watoto, mifugo na mvua. Ukiingia kimya ukisubiri usalimiwe kama tunavyosalimiwa Kiborloni, wewe ndiye mkosa adabu, na hakuna atakayekwambia. Heshima yao kwa mkubwa haiko kwenye shikamoo, iko kwenye *Sie*, ile "wewe" ya heshima. Mwite hivyo kila mtu mzima mpaka yeye mwenyewe akupe ruhusa ya *du*, "wewe" ya kirafiki. Na akikusemesha mtazame machoni. Najua ni kinyume cha malezi yetu. Mtazame hivyo hivyo, ukirudi nyumbani utaniinamishia mimi.

Lugha yenyewe msiiogope. Watu wanalia kwamba nomino zina jinsia tatu, der, die, das, na kwamba hata msichana, *das Mädchen*, yuko kwenye ile isiyo ya kike wala ya kiume. Ninyi mna ngeli ngapi? Mtoto wa miaka mitatu hapa Pasua hakosei "kiti kimevunjika" na "mti umevunjika", na hakuna aliyemfundisha kwa jedwali. Alisikia, akakosea, akarekebishwa, akarudia. Jifunzeni kila nomino na der, die au das yake kama jina na ubini. Tarakimu zinapinduliwa: 21 wanasema moja na ishirini, kwa hiyo mtu akikutajia namba ya simu au kipimo cha dawa, iandike kisha msomee tena. Na saa nimeshawaambia. Mkipelekwa Leipzig au Dresden mtasikia pia *viertel acht*. Hiyo si robo kabla wala baada ya saa nane yao, ni 7:15, saa moja na robo yetu. Huko huko mtu akikujibu "nu", amekubali, amesema ndiyo.

Tena mna Kijerumani mdomoni tangu utoto. *Shule* ni neno lao. *Hela* ni sarafu yao, heller, waliyoileta huku mwaka 1904.

Hayo mengine nayasema haraka. Ukipata nyumba, nenda ofisi ya serikali ya mji ukajiandikishe ndani ya wiki mbili. Fungua kila barua inayoingia kwenye sanduku lako, kila moja, siku hiyo hiyo, na usiyoielewa mpelekee mtu. Barua isiyofunguliwa kule inazaa faini. Kuna ada ya redio na televisheni kwa kila nyumba, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Jumapili maduka yamefungwa. Saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, zirudishe dukani. Taka zitenganishe. Usimtakie mtu heri ya siku ya kuzaliwa kabla siku haijafika, wanaamini ni mkosi. Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limekwisha, na giza hilo linaingia hadi rohoni. Toka nje mchana hata kama kuna baridi. Nambari ya dharura ni 112, ya polisi 110.

Ubaguzi upo. Sitawadanganya. Nilitemewa mate mara moja kwenye tramu, na hakuna mtu aliyesimama. Leo kuna sheria dhidi ya ubaguzi, ya mwaka 2006, lakini sheria inamsaidia mwenye kueleza kilichompata. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na mdomo. Ila msiite kila masahihisho ubaguzi, maana siku utakapoupata wenyewe hutakuwa na neno lililobaki.

Kuna jambo moja nataka mlibebe. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Kichagga, pale Old Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Kichagga na Kimeru, na wazee wetu wamekuwa wakidai kichwa chake kirudishwe kutoka Ujerumani. Wajerumani wengi mtakaokutana nao hawajawahi kulisikia jina hilo. Si wabaya, hawakufundishwa. Nilimweleza yule mama wa mkate mwaka wangu wa pili, kwa Kijerumani kilichochechemea, duka likiwa tupu. Alikaa juu ya gunia la unga akanisikiliza mpaka mwisho. Alinisahihisha neno moja tu, lile la kunyonga, kisha akanyamaza kwa muda. Mnatoka mahali penye habari ya kueleza. Jifunzeni kuieleza.

Yule kijana wa jirani hajakata tamaa, na wala asitukanwe. Tumekubaliana aombe tena, safari hii akiwa na B2 ya mdomoni. Kila Jumamosi anakuja barazani kwangu, hapa Rau, tunakunywa chai na tunazungumza Kijerumani tu, na nikisikia kosa nasimamisha. Jumamosi ya kwanza alisema sentensi sita. Juzi alibishana nami dakika ishirini kuhusu bei ya mbolea.

Njooni nanyi, mko wangapi sijali, viti vipo. Njooni na daftari. Sitozi kitu. Tunaanza *halb vier*, na saa hiyo sasa mnaijua.

Babu yenu,
Rau, Moshi