Jumamosi: Huis Ten Bosch
Jamani habari za jioni, safari ya Jumamosi ipo palepale, tunaenda Huis Ten Bosch, ile bustani ya burudani ya mtindo wa Kiholanzi kule Sasebo, tukutane stesheni ya Hakata saa 2 asubuhi, treni ni ya moja kwa moja kama masaa mawili kasoro hivi na haisubiri mtu. Pale pamefunguliwa 1992 na wengi wanaishiaga kwenye maua na mabembea, sisi tunanyoosha mpaka mwisho kwenye kasri. Limejengwa kwa kuiga lile la wafalme wa Uholanzi kule The Hague, ila la kule anaishi mfalme mwenyewe kwa hiyo huingii kienyeji, hili la Japani ndani ni makumbusho ya sanaa. Mi kinachonimaliza ni bustani ya nyuma, ramani alichora mbunifu Daniel Marot karne ya 18, Waholanzi wenyewe hawakuijenga, imekuja kujengwa huku! Na Waholanzi wana historia na mkoa huu wa Nagasaki, walibanwa kakisiwa ka Dejima wakifanya biashara miaka zaidi ya 200. Dada zangu mchuchumio acheni nyumbani plizi, ni kutembea tu. Tiketi kila mtu yake, wenye watoto njooni inboksi leo.