Barua kwa Mwanangu: Uuchore Mji Unaousikia

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata picha ya Nairobi uliyonitumia kutoka chuoni, nami nimeitazama kwa muda mrefu. Jumba la mikutano la KICC umelisimamisha wima na madirisha yake umeyapanga kwa subira, lakini anayeitazama picha hiyo hawezi kujua kama mji huu una kelele au umelala.

Huku Kamukunji ninakofulia vyuma, kila bati lina sauti yake: bati jipya la masanduku ya wanafunzi hulia kwa ukali, ilhali pipa kuukuu linalokatwa ili liwe jiko huvuma kwa uzito unaoingia mpaka kifuani. Mwezi wa Januari, wazazi wanapotafuta masanduku ya watoto wanaoenda shule za bweni, nyundo huwa nyingi hata fundi na mteja wakapatana bei kwa vidole. Ukishuka soko la Gikomba, pua ndiyo hukuongoza: dagaa wa omena, kisha vumbi la marobota ya mitumba yaliyofunguliwa sasa hivi, kisha mto, ambao heri nisiueleze.

Najua utaniuliza kelele huchorwaje. Twaa karatasi nyembamba, uilaze juu ya bati lililokwisha kugongwa, kisha uisugue kwa kipande cha makaa. Alama za nyundo zitajitokeza moja baada ya nyingine, zikisongamana pale fundi alipoharakisha na kuachana pale mkono ulipochoka, na utakuwa umeunasa mdundo wa Kamukunji bila kumchora fundi hata mmoja.

Wako waliotangulia kuuingiza mji na vitu vyake katika kazi zao. Cyrus Kabiru huunda miwani ya sanaa kwa vyuma na taka anazookota humu Nairobi. Michael Armitage, aliyezaliwa hapa mwaka 1984, hupaka rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, akiacha matundu na mishono yake vionekane ndani ya picha. Matatu uziache kwanza. Hizo zimekwisha kupata wachoraji wao.

Uje Jumamosi kabla ya saa tatu, jua halijayachoma mabati, na karatasi za kutosha. Nimekuwekea pipa lililokatwa nusu, ila mwenyewe atalichukua jioni.

Ni mimi baba yako.