Tupewe pia bei anayopokea mzalishaji

Mhariri,

Kila mwisho wa mwezi gazeti lako, kama mengine yote, huchapisha kiwango cha mfumko wa bei kinachotangazwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, na kwa siku mbili tatu mazungumzo ya Nairobi huwa ni bei ya unga, sukari, gesi na nauli. Sina ugomvi na takwimu hizo. Ninalolalamikia ni kwamba zinapima kile anacholipa mnunuzi wa mwisho, ilhali kile anachotia mfukoni aliyelima au aliyeunda bidhaa yenyewe hakisikiki, na wengi wetu tumezoea kudhani kuwa bei ikipanda dukani basi mzalishaji naye amenufaika.

Kipimo cha upande huo wa pili kipo, nacho ni fahirisi ya bei za wazalishaji, yaani namba inayoonyesha jinsi bei hizo zinavyopanda na kushuka. Hufuata bei anayopokea mwenye bidhaa langoni mwa kiwanda au shamba lake, kabla ya kuongezwa VAT, nauli ya lori na faida ya wachuuzi. Mwezi wa Julai 2023 VAT ya mafuta ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kodi ya namna hiyo humfikia mama mboga wa Umoja kupitia gharama ya lori linaloleta viazi Marikiti kutoka Kinangop, na fahirisi ya bei za walaji, ile inayotumiwa kukokotoa mfumko wa bei, huinasa mara moja. Mkulima wa Kinangop, kwa upande wake, haongezewi hata shilingi moja kwa ajili ya kodi hiyo. Huenda hata akapunguziwa, kwa kuwa dalali huanza kwa kukata nauli yake ndipo ataje bei ya gunia. Anayetazama takwimu za walaji peke yake ataona viazi vimepanda bei na kuhitimisha kwamba kilimo cha viazi kinalipa.

KNBS hutoa fahirisi ya wazalishaji kila robo ya mwaka, nayo inahusu viwanda, uchimbaji wa madini, umeme na maji. Bei wanazopokea wakulima huzikuta katika ripoti ya hali ya uchumi inayotoka mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo mnunuzi husikizwa kila mwezi, mwenye kiwanda kila baada ya miezi mitatu, na mkulima hungoja mwaka uishe, wakati ambapo msimu uliomtia hasara umeshasahaulika. Huo ndio mpangilio ninaoomba ubadilishwe.

Najua nitajibiwa kwamba kazi hiyo ni ngumu, na kweli ni ngumu. Ninatunza hesabu za mafundi kadhaa wa jua kali pale Kamukunji, wanaounda masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni, na ninaona jinsi bei inavyoweza kumdanganya anayeinakili bila kuuliza swali la pili. Bati likipanda bei, fundi anayeogopa kupoteza wateja wa Januari huiacha bei ya sanduku kama ilivyokuwa, kisha huacha kutumia bati la geji 28 akatumia la geji 30, ambalo ni jembamba zaidi. Pembe hazikunjwi tena mara mbili, na kufuli hubadilishwa likawekwa la bei rahisi. Karani akija na karatasi yake ataandika kwamba bei haijabadilika, ilhali sanduku analoliandika si lile aliloliandika safari iliyopita. Ndiyo maana wataalamu wa fahirisi husisitiza kwamba bidhaa ielezwe kwa kina, yaani geji, vipimo, aina ya kufuli na hata aina ya mnunuzi, na kwamba sifa zake zikibadilika, thamani ya badiliko hilo itolewe kwenye hesabu kabla ya bei kulinganishwa.

Kwa mkulima wa viazi hila hugeuka upande. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini lumbesa haijatutoka: gunia hushonewa kofia ya wavu juu, likajazwa mpaka likazidi kikomo hicho kwa mbali, na bei ikabaki ya gunia moja. Takwimu yoyote inayopokea bei kwa gunia bila mizani itasema bei imesimama, wakati bei ya kilo imeanguka.

Majani chai na kahawa zina tatizo lake. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo ya majani mabichi, kisha bonasi baada ya mwaka wa fedha kufungwa mwezi wa Juni, hivyo bei kamili ya majani aliyochuma Septemba haijulikani Septemba. Kahawa huuzwa kwenye mnada wa Nairobi kwa dola kwa gunia la kilo 50 za kahawa safi, na aliyeipeleka kiwandani hulipwa kwa shilingi kwa kilo ya matunda mabivu. Kunukuu bei ya mnada kana kwamba ndiyo ya mkulima, jambo ambalo magazeti hulifanya mno (na lako halijasalimika), ni kuruka gharama zote za kukoboa na kuhifadhi, pamoja na makato ya chama cha ushirika.

Ugumu huu haujazizuia nchi nyingine. Marekani ilianza kuchapisha fahirisi yake mwaka 1902, ikiitwa ya bei za jumla, ikabadilishiwa jina mwaka 1978, na tangu miaka ya themanini imekuwa ikiongezewa huduma hatua kwa hatua. Hutolewa kila mwezi. Huduma hupimwa kwa kuichagua kazi moja mahususi na kuifuatilia: kwa hapa kwetu ingeweza kuwa malipo anayopokea mwenye lori kwa kusafirisha kontena ya futi 20 kutoka Mombasa hadi Nairobi, au malipo ya kuhifadhi mzigo ghalani kwa wiki. Kinachoandikwa ni fedha zilizopokelewa kweli baada ya punguzo, maana orodha ya bei iliyobandikwa ukutani haimlipi mtu.

Faida yake ni ya kila siku. Anayeuzia shule au kaunti bidhaa kwa mkataba wa miaka miwili angeweza kuandika humo kwamba bei itarekebishwa kulingana na fahirisi ya sekta yake, badala ya kuomba nyongeza kwa barua zisizojibiwa au, kama mafundi wangu, kupunguza unene wa bati kimyakimya.

Kwa hiyo naiomba KNBS ianze na mazao machache yanayouzwa mwaka mzima, yaani maziwa, mayai, viazi na sukuma wiki, bei zichukuliwe kwa kilo au lita shambani, na zitangazwe siku ile ile ya mfumko wa bei. Jua kali ifuate, na makarani watakaofika Kamukunji waje na kipimo cha geji.

Mtunza hesabu,
Kamukunji, Nairobi